Ukuta mmoja, nyeusi nne: kisa cha paneli zilizokataa kufanana

Kazi yenyewe ilikuwa ukuta wa banda la maonyesho: paneli saba za vinili ya kubandika, kila moja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3, zote zikiwa na mandharinyuma nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ya weusi huo kulikuwa na picha kubwa ya bidhaa inayofifia pembeni na kuyeyukia gizani, kivuli laini chini yake, nembo ya mteja na maandishi meupe. Mashine ilikuwa ya rola, ya eko-solventi (wino wake hukauka kwa solventi, yaani kiyeyushi, kuvukiza), wino wa rangi nne: sayani au samawati (C), majenta au waridi kali (M), njano (Y) na nyeusi (K), upana wa mita 1.6. Paneli zikachapwa, zikapigwa laminesheni isiyong'aa, yaani utando wa plastiki wa kuzikinga, zikabandikwa. Taa zilipowashwa, mteja akahesabu nyeusi nne kwenye ukuta mmoja. Hakukosea.

Nilipoletewa kisa hiki nilipewa faili, vipande vya paneli zilizokataliwa, na maelezo mafupi kwamba kichwa cha nyeusi, sehemu ya mashine inayorusha wino huo, kimechoka. Nyeusi ikileta shida, hayo ndiyo maelezo ya kwanza kutolewa karibu kila mahali, na yana mvuto wake: mashine iko mbele yako, kichwa kinasafishika, na mtu anajiona anafanya kazi. Fundi alikuwa ameshasafisha kichwa, usafi wa kawaida na ule mzito, na testi ya nozeli, vile vitundu vya kichwa vinavyotoa wino, ilitoka safi, mistari ya K yote imekamilika. Akachapa tena, nyeusi zikabaki nne.

Testi safi haimwondolei kichwa lawama moja kwa moja, na tutaona kwa nini. Lakini mtu akishasafisha na hali ikabaki ile ile, kuendelea kusafisha ni kumwaga wino tu. Kilichohitajika ni kuacha mashine kwanza na kuutazama ukuta wenyewe.

Kilichoonekana

Neno "hazifanani" halitoshi kutafutia ubovu. Lazima useme hazifanani wapi, kwa umbo gani, na zinabadilika ghafla au polepole. Kwenye ukuta huu kulikuwa na mambo manne.

Kuzunguka picha na kivuli chake kulikuwa na mstatili hafifu, kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Nembo nayo ilikaa juu ya kiraka chake, chepesi na chenye ukahawia kidogo kuliko weusi unaokizunguka. Kwenye maungio, ukingo wa kulia wa paneli moja haukulingana na ukingo wa kushoto wa paneli inayofuata, ingawa katikati ya paneli zote mbili weusi ulikuwa sawa. Na paneli ya sita ilianza vizuri juu, nyeusi tii, kisha ikafifia polepole kuelekea chini mpaka ikawa kijivu cha mkaa.

Ukishayaandika hivyo, nusu ya kazi imekwisha. Mstatili na kiraka cha nembo vina kingo zilizonyooka, na kichwa kilichoziba hakijui pembe mraba. Kikiziba kinaacha mistari inayofuata njia ya kichwa, au kinafifisha eneo zima. Hakiwezi kuchagua kuzunguka nembo ya mtu. Hayo mawili yametoka kwenye faili au kwenye programu ya RIP, ile inayoligeuza faili kuwa matone ya wino. Maungio na paneli ya sita vinabadilika polepole bila kujali kilichochorwa hapo. Hayo yananuka mashine.

Kioo cha kukuzia mara 30 kilithibitisha upande wa faili. Kwenye mandharinyuma, matone meusi yalijaa, na katikati yake sayani, majenta na njano zilichungulia. Weupe wa vinili haukuonekana popote. Nikisogeza kioo sentimita moja kuingia kwenye kiraka cha nembo, rangi zote tatu zilitoweka kwa mkato mmoja. Palibaki matone meusi peke yake, na kati ya mapito ya kichwa vinukta vya vinili nyeupe viliangaza kama vitundu vya sindano. Ndani ya mstatili wa kivuli wino zote nne zilikuwepo, ila uwiano wake ulikuwa mwingine: K kidogo, rangi zaidi.

Kipimo cha pili hakihitaji kifaa chochote, na ningependa kila chumba cha uchapaji kiwe na mazoea nacho. Chapa sehemu ya faili kama lilivyo, kisha ligeuze nyuzi 180 ndani ya RIP ulichape tena kwenye vinili ile ile. Kasoro inayogeuka pamoja na picha ni ya faili. Kasoro inayobaki upande ule ule wa mashine ni ya mashine. Tulipofanya hivyo, mstatili na kiraka viligeuka na picha; ukingo uliopauka ukabaki kushoto kwa mashine palepale ulipokuwa. Kwa hiyo hapakuwa na tatizo moja la kutafutwa, na ndiyo maana kila aliyekuja na dawa moja alishindwa.

Nyeusi zilizokuwa ndani ya faili

Faili lilipofunguliwa kwenye dirisha la kukagua rangi la Acrobat Pro, ambako ukipeleka kishale mahali unasoma asilimia za wino hapo, nyeusi zikajitaja zenyewe.

Mandharinyuma ilikuwa C60 M40 Y40 K100, mchanganyiko unaojulikana na wabunifu wengi, jumla ya wino asilimia 240. Nembo ilikuja na sanduku lake la K100 tupu, bila rangi nyingine. Picha iliwekwa ikiwa RGB, mfumo wa rangi za skrini, na weusi wake wa 0, 0, 0 ukageuzwa wakati wa kutoa PDF kwa profaili ya SWOP (jedwali la kugeuzia rangi kuwa wino) inayokuja na programu za Adobe. Matokeo yakawa C75 M68 Y67 K90, jumla asilimia 300. Yeyote aliyekaa na Photoshop anazijua namba hizo kwa kichwa. Nyeusi ya nne ilikuwa chini ya kivuli: namba zake zilikuwa zile zile za mandharinyuma, C60 M40 Y40 K100, lakini ilitoka tofauti. Kwamba nazo zilikuwa nne kama alivyohesabu mteja ni sadfa tu; hesabu yake ilichanganya za faili na za mashine.

Mbunifu hakuziona kwa sababu programu yake ilimficha. Illustrator na InDesign zina mpangilio unaoamua nyeusi ionekane vipi kwenye skrini, na bila kuguswa huonyesha nyeusi zote kama nyeusi nzito, K tupu na mchanganyiko zikifanana kabisa. Ukibadilisha mpangilio huo uonyeshe kila nyeusi kama ilivyo, sanduku la nembo linaruka nje ya skrini likiwa kijivu. Ni kubofya mara chache tu. Sioni sababu ya mtu anayetengeneza kazi za kuchapwa kuuacha ulivyo.

K100 inastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo ugomvi kati ya wabunifu na wachapaji huanzia. Mbunifu husema: nimeweka asilimia 100, nyeusi kuliko hiyo ni ipi? Lakini katika viwango vya ofseti kwenye karatasi iliyopakwa, K100 peke yake hulengwa kwenye L* ya 16 hivi, kwenye mizani ambapo 0 ni giza kamili na 100 ni nyeupe. Wino wa rangi nyingine ukiwekwa juu yake, weusi unashuka chini zaidi. Kwa hiyo RIP ikisoma profaili ya faili kwa uaminifu, inaelewa K100 kuwa ombi la kijivu kizito sana, na inakupa hicho. Ikiwa imeambiwa kulinda nyeusi tupu, kama ilivyokuwa hapa, inatumia wino wa K peke yake na kuacha zile rangi tatu. Kwa njia yoyote kati ya hizo, kiraka hakitalingana na mchanganyiko unaokizunguka. RIP haikukosea, ilitii.

Nyeusi ya chini ya kivuli ndiyo iliyotuchukulia muda. Namba zile zile, vinili ile ile, pito lile lile la kichwa, iweje itoke tofauti? Jibu liko kwenye safari ya faili. PDF ilitolewa kwa kiwango cha PDF/X-1a, ambacho hakiruhusu uwazi wa tabaka, yaani kitu kinachoonyesha kilicho chini yake. Kivuli laini ni uwazi. Ili kiingie, programu ililazimika kukibana pamoja na kilicho chini yake, na eneo lote la mstatili kilipolala kivuli, ikiwa ni pamoja na mandharinyuma hapo, likageuzwa kuwa pikseli. Nje ya mstatili mandharinyuma ilibaki vekta, yaani umbo linaloelezwa kwa hesabu badala ya vinukta. Kwa macho ya mtu ni weusi mmoja unaoendelea. Kwa RIP ni vitu viwili vya aina mbili.

Na RIP nyingi zina mipangilio tofauti kwa aina hizo. Hapa picha za pikseli zilikuwa zimepewa kanuni ya ugeuzaji inayobana rangi zote kwa pamoja ili uwiano wake ubaki, kanuni nzuri kwa picha za watu na mandhari. Vekta zilipewa kanuni inayoshika rangi kama ilivyo na kukata tu zile zinazozidi uwezo wa mashine. Namba moja, milango miwili, matokeo mawili. Hilo ndilo lililochora mstatili. Aliyepanga hivyo hakufanya ujinga. Kwa kazi za kila siku, ambapo picha iko peke yake na nembo iko peke yake, hakuna anayegundua. Inagundulika siku vekta nyeusi na pikseli nyeusi zinapogusana.

Mtu angeweza kusema basi PDF itolewe kwa PDF/X-4, ambayo inaruhusu uwazi, mstatili utaisha. Wakati mwingine unaisha. Lakini hapo uwazi unakwenda kubanwa ndani ya RIP badala ya ndani ya programu ya mbunifu, na kama RIP bado ina kanuni mbili kwa aina mbili za vitu, umehamisha tatizo chumba cha pili tu.

Upande wa mashine

Ili kuiona mashine bila kelele za faili, tulichapa kipande kimoja cha weusi mtupu, pikseli pekee, upana wote wa vinili, tukakipima kwa spektrofotometa, kifaa cha kupima rangi, kushoto, katikati na kulia. Weusi ni mgumu kupima: mwanga unaorudi ni kidogo mno, na vumbi kwenye kigae cheupe cha kifaa linatosha kukupotosha. Pima sehemu kadhaa zilizo karibu uchukue wastani. Halafu usikiamini kifaa kuliko jicho katika jambo moja: vifaa vingi vya aina hii humulika kwa nyuzi 45 na kusoma wima, hivyo mng'ao wa juu ya wino hauingii kwenye hesabu. Nyeusi mbili zinaweza kusoma sawa huku moja ikimeta kama shaba kwenye mwanga wa pembeni.

Vipimo vilikubaliana na jicho. Kushoto kulikuwa kumepauka, katikati na kulia kukawa sawa. Kazi ilichapwa kwa mwendo wa haraka, mapito machache, kichwa kikimwaga wino kwenda na kurudi. Kwa mtindo huo ukingo hautendewi kama katikati. Katikati ya vinili, muda kati ya pito moja na linalofuata ni karibu ule ule kila mara. Kwenye ukingo, kichwa kinafika, kinageuka na kurudi papo hapo, matone mapya yakiangukia wino ambao haujashika. Kisha kinakwenda mbali na ukingo unasubiri muda mrefu. Wino wa mbichi juu ya mbichi hujikusanya, na sura ya weusi inabadilika. Mpangilio wa vichwa nao unachangia: kichwa kikienda, rangi zinaanguka kwa mfuatano fulani, kikirudi, mfuatano unageuka, na kwenye weusi wa wino nne anayeanguka wa mwisho ana sauti kubwa.

Kuchapa kwenda tu bila kumwaga wakati wa kurudi kulipunguza tofauti hiyo kwa kiasi kikubwa, na kuongeza mapito kukapunguza zaidi. Hakukuimaliza. Hita ya kukausha wino ya upande wa kushoto nayo ilikuwa ikipoteza joto, jambo lililoonekana kwa kuweka mkono tu juu ya sahani ya mashine kabla hata ya kupima, na hilo ni la mafundi wa matengenezo, si la jioni moja.

Paneli ya sita ilikuwa na kisa chake. Kufifia kwa urefu, kuanzia juu kwenda chini, kunaelekeza kwenye kitu kinachobadilika kadiri muda wa kuchapa unavyokwenda, na kitu cha kwanza kufikiria ni wino kushindwa kufika. Rangi ya ubovu yenyewe inasaidia. Katika weusi wa mchanganyiko, sayani ikipungua unaona uwekundu na ukahawia. Majenta ikipungua unaona ukijani. Njano ikipungua unaona ubluu. K ikipungua, weusi wote unakuwa mwepesi na kubaki kijivu cha zile rangi tatu. Paneli ya sita ilikuwa kijivu. K, basi.

Lakini testi ya nozeli ilikuwa safi! Ilikuwa safi kwa sababu ilipigwa asubuhi, mashine ikiwa imelala usiku kucha. Tulichapa weusi mtupu mita kadhaa mfululizo, na pale pale kichwa kilipomaliza, kabla hakijarudi kwenye kofia yake, tukapiga testi. Katikati ya ngazi za K palikuwa na mapengo kama meno yaliyong'oka. Tukasubiri, tukapiga tena bila kusafisha chochote: mapengo yakawa yamejaa yenyewe. Kichwa hakikuwa kimeziba. Kilikuwa na kiu. Wino ulikuwa ukija, ila polepole kuliko kichwa kinavyoutumia kwenye weusi wa kujaza, na kikipewa nafasi ya kupumua unafika.

Hapa watu hukimbilia kununua kichwa kipya, sehemu ya gharama kuliko zote. Kabla ya hapo kuna dampa, kile kikasha kidogo chenye kichujio kinachokaa juu ya kichwa; kuna mrija uliobanwa au kupinda; kuna katriji isiyopitisha hewa vizuri; kuna hewa iliyoingia kwenye njia ya wino. Dampa ya K ilipotolewa, kichujio chake kilikuwa kimeganda wino. Ikawekwa mpya, njia ikajazwa upya, na weusi wa mita kadhaa ukatoka sawa mwanzo mpaka mwisho. Inaeleweka sasa kwa nini usafi mzito ulionekana kusaidia kidogo kila mara: unavuta wino kwa nguvu, dampa inajaa, paneli ya kwanza baada yake inapendeza, ya pili inaanza kufifia.

Dawa iliyokuwa imependekezwa

Katikati ya haya mbunifu, kwa nia njema, alituma faili jipya lenye C100 M100 Y100 K100, akisema sasa haiwezi kukosa kuwa nyeusi. Nalitaja kwa sababu lilikaribia kuchapwa. Asilimia 400 ni rangi ya alama za kukatia na kulinganishia, isitumike kujaza eneo. RIP ina kikomo cha wino kwa kila vinili na haitamwaga zote. Itakata, na itakata kwa hesabu yake, hivyo unachokipata si ulichoandika. Na pale kikomo kilipolegezwa, wino hauwahi kukauka. Unajikusanya madimbwi madogo, unagandamana kwenye rola, na solventi iliyonaswa chini yake inailainisha gundi ya vinili mpaka kingo zinaanza kujikunja baada ya kubandikwa. Zaidi ya kiwango fulani weusi hauongezeki hata kidogo.

Kiwango hicho hakikisiwi. Tulitengeneza jedwali la viraka vya weusi, K100 ikiwa na viwango tofauti vya rangi tatu, tukalichapa kupitia foleni (seti ya mipangilio) ile ile ya RIP, kwa vinili ile ile na mapito yale yale, kisha tukapima. Kinachotafutwa ni L* ya chini kabisa ambayo a* na b* zake, vipimo vya kuegemea kwenye rangi, ziko karibu na sifuri, maana nyeusi iliyozama sana lakini ikavuta kwenye uzambarau itajionyesha mara tu mwanga mweupe utakapoipiga. Tukachagua kiraka kimoja hatua chache kabla ya pale usomaji ulipoacha kushuka. Namba zake sizitaji. Zingekuwa sahihi kwa mashine hiyo, vinili hiyo na foleni hiyo tu, na najua zingenakiliwa.

Jinsi kazi ilivyorudiwa

Faili lilijengwa upya kwa wazo moja: weusi wote unaogusana uwe kitu kimoja. Mandharinyuma, picha na kivuli viliunganishwa kuwa picha moja ya pikseli kwa kila paneli, tayari katika CMYK, weusi wa picha ukishushwa kwa mikunjo ya rangi mpaka ukalingana na ule tuliouchagua. Juu yake vilibaki maandishi meupe na nembo tu, vekta, ili kingo zake ziwe kali. Nembo iliombwa upya kwa mteja bila sanduku lake. Hapo swali la vekta na pikseli likafa lenyewe, kwa sababu hapakuwa tena na nyeusi ya vekta popote.

Kwenye RIP, foleni mpya ilifunguliwa kwa kazi hii, kanuni moja ya ugeuzaji kwa vitu vyote, na kisanduku cha kulinda nyeusi tupu kikaondolewa alama. Foleni ya zamani haikuguswa, na hilo lilikuwa la makusudi. Maandishi madogo meusi juu ya nyeupe yanahitaji K peke yake. Yakichapwa kwa wino nne, kusogea kidogo kwa kichwa kunayavisha kingo za rangi na kuyafanya yasomeke kwa shida. Anayezima ulinzi huo moja kwa moja ili kuponya ukuta mweusi ataletewa lalamiko lingine wiki ijayo kuhusu maandishi.

Kisha maungio. Kwa kuwa upande wa kushoto wa mashine ulikuwa bado tofauti kidogo, paneli za namba shufwa zilichapwa zikiwa zimegeuzwa miguu juu. Paneli ya kwanza ikichapwa wima, ukingo wake wa kulia unatoka kulia kwa mashine. Ya pili ikigeuzwa, ukingo wake wa kushoto, ule utakaogusana na ya kwanza, nao unatoka kulia kwa mashine. Ya tatu ikichapwa wima, inakutana na ya pili kwa kingo zilizotoka kushoto zote mbili. Tofauti bado ipo ukutani, lakini imetawanywa kwa upana wa paneli mahali jicho haliishiki, na kwenye ungio, mahali jicho linapolinganisha, hakuna kitu. Mfuatano wa kutengeneza una maana hapa: kama dampa isingebadilishwa kwanza, kugeuza kungeweka sehemu ya mwanzo ya paneli moja, iliyochapwa wino ukiwa umejaa, kando ya mkia wa nyingine uliochapwa wino ukiwa umepungua, na ukuta ungekuwa mbaya kuliko ulivyoanza. Na kwa vinili yenye mwelekeo, kama ile ya sura ya chuma kilichosuguliwa, kugeuza hakufai, kwa sababu mwanga utaipiga kila paneli kivyake.

Paneli zote zilitoka kwenye rola moja, kwa mfululizo mmoja, hita zikiwa zimeshapata joto kabla ya paneli ya kwanza. Zikaachwa siku nzima kutoa mvuke wa solventi kabla ya laminesheni. Laminesheni isiyong'aa hupandisha weusi wote kidogo kwa kutawanya mwanga, na mteja alionyeshwa kipande kilichokwisha kupigwa, si kibichi, kwa sababu kibichi kitamfanya atarajie kina ambacho hatakiona ukutani. Kwa ukuta unaopigwa na taa kali hiyo ni biashara nzuri. Ing'aayo ingempa weusi wa kina zaidi, pamoja na taswira ya kila taa ya ukumbi. Vile vipande vilivyokataliwa vilikuwa na ukungu mweupe sehemu mbili tatu uliodhaniwa kuwa ni wino: ilikuwa hewa iliyonaswa chini ya laminesheni, na mgandamizo wa rola ulipoongezwa haikurudi.

Ukuta uliorudiwa ulikubaliwa. Ungio kati ya paneli ya nne na ya tano bado linaonekana ukisimama karibu na kutazama kwa pembe kali, na tuliamua kuliacha. Kutoka mahali wageni wanaposimama halionekani.

Baadaye paneli ya tatu ilichanika wakati wa kubomoa banda, na mteja akaomba hiyo moja. Foleni, faili na kipande cha ushahidi vilikuwa vimehifadhiwa, lakini rola ilikuwa nyingine na chupa ya K ilikuwa nyingine. Kipande kipya kilipowekwa kando ya kile cha zamani, tofauti ilikuwa ndogo, ya aina ambayo kila upande ukiwa peke yake ungeapa ni ile ile, na vikigusana inajionyesha kama mstari. Zikachapwa paneli mbili, ya tatu na ya nne, ili ungio lililo chini ya picha, katikati ya macho ya watu, liwe la wino mmoja, na tofauti isukumwe kwenye maungio ya pembeni yenye maandishi. Mteja alilipia moja. Ya pili ililiwa na chumba cha uchapaji, na sidhani kulikuwa na njia ya nafuu zaidi.